Sheria za vita hazikuanza mwaka 1949

Wengi wanaopita mbele ya sanamu za askari katika barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, huamini kwamba Waafrika wanaokumbukwa pale walipigana Vita Kuu ya Kwanza kabla ya dunia kuwa na sheria yoyote ya vita, kwa kuwa Mikataba ya Geneva, yaani makubaliano ya kimataifa ya kuwalinda waathiriwa wa vita, ni ya 1949. Dhana hiyo si sahihi. Mkataba wa kwanza wa Geneva ulitiwa saini na mataifa 12 tarehe 22 Agosti 1864, miaka mitano baada ya Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, kushuhudia majeruhi wa mapigano ya Solferino, Italia, wakikosa matibabu. Ulikuwa na vifungu 10 tu, na cha 6 kiliagiza askari aliyejeruhiwa au mgonjwa auguzwe bila kujali taifa lake. Ulifanyiwa marekebisho 1906. Kwa hiyo vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, sheria ilikuwapo, lakini, na jambo hili linauma, haikulizuia jeshi kumbebesha mpagazi wake mizigo hadi aishiwe nguvu, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi. Kilichokuja 1949 ni mikataba minne, wa nne ukiwa mahususi kwa ulinzi wa raia.