Flashi si lazima kwa picha ya paka au mbwa wako sikukuu

Wengi huamini kwamba sebuleni jioni ya sikukuu, picha nzuri ya mbwa au paka haipatikani bila flashi. Si kweli, na mara nyingi flashi ndiyo inayoiharibu. Nyuma ya retina ya wanyama hawa kuna utando unaorudisha mwanga ili waone vizuri gizani. Flashi iliyo karibu na lenzi ikiwaka, mwanga hurudi moja kwa moja kwenye kamera na macho hutoka yakiwaka kijani au njano. Tena wengine hushtuka wakakimbilia chini ya kiti, na kuwatoa huko ni kazi.

Mpige picha mchana, karibu na dirisha, nuru ikimwangukia ubavuni. Lala kifudifudi hadi lenzi ilingane na macho yake, kisha lenga jicho lililo karibu nawe; hapo hata sharubu zitahesabika. Akiwa anarukaruka, weka kasi ya shata ya kamera iwe 1/500 ya sekunde na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga: chengachenga kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko sura iliyovurugwa na mwendo. Taa za mapambo zikae mbali nyuma yake. Zitageuka viduara laini vya rangi, naye hatafikia waya akautafuna.