Masaa 12 ya Nini?

Nimeambiwa tena, na safari hii na kijana mwenye diploma ya umeme: vepu (sigara ya kielektroniki) mpya lazima ichajiwe masaa 12 kabla ya kutumika, la sivyo betri "haitafunguka". Nikamuuliza, itafunguka ifanye nini? Akasema ndivyo alivyoelekezwa dukani. Basi naandika, maana kulieleza hili kwa kila anayesimama mbele ya kaunta nimechoka. Kuanzia leo nitakuwa natuma kiungo tu.

Kabla sijashambuliwa: mimi ni fundi, natengeneza vepu, sivuti, na simshauri mtu avute. Nikotini ni nikotini hata ikipita kwenye koili, ule waya unaopasha kimiminika moto. Ila betri ikishafika mezani kwangu ni betri, na hii ya sigara ya kielektroniki ni lithiamu-ayoni ya ukoo mmoja na ile ya simu yako, isipokuwa inafanyishwa kazi ngumu zaidi.

Hayo masaa 12 ni urithi wa nikeli-kadimiamu, zile betri za simu za mwanzo, redio za upepo na mashine za kunyolea. Zile zilichajiwa kwa mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya uwezo wake, na kwa mkondo huo zilihitaji masaa 14 hadi 16 kweli. Ushauri ulikuwa sahihi kwa betri zile. Sony walipoingiza lithiamu-ayoni sokoni mwaka 1991, ushauri ulipaswa kuzikwa na wenye nao. Badala yake muuza duka anampa mteja, mteja anampa shemeji yake, na leo uko kwenye vepu. Chaji ya kwanza yenye umuhimu, ile inayojenga utando juu ya anodi (ncha hasi ya ndani), hufanyika kiwandani, polepole, kabla wewe hujaiona betri. Inakufikia ikiwa hai na ina chaji kiasi. Seli (yaani betri yenyewe) zinazosafirishwa kwa ndege zikiwa peke yake, nje ya kifaa, tangu Aprili 2016 haziruhusiwi hata kuzidi asilimia 30 ya chaji. Kazi iliyobaki kwako ni kuijaza, basi.

Piga hesabu. Chukua betri ya umbo la eGo, ile vepu ya kalamu, ya mAh 650 (uwezo wa kutoa miliampea 650 kwa saa nzima) na kebo yake ya kuskrubu iliyoandikwa mA 420 (mkondo wa chaji, miliampea 420). Gawa, unapata saa moja na nusu na kidogo. Ongeza ule mkia wa mwisho ambapo mkondo unapungua, taa inageuka kijani kwenye masaa mawili hivi. Sasa niambie, yale masaa 10 mengine betri inafanya nini? Haifanyi kitu. Chipu imeshakata. Ile TP4056, chipu ya kusimamia chaji ambayo imejaa kwenye vifaa vya bei nafuu, inasukuma mkondo usiobadilika mpaka seli ifike volti 4.2, kisha inashikilia volti na kuacha mkondo ushuke wenyewe, na ukifika sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, inafunga. Inaamka tena seli ikishuka kama volti 4.05. Huwezi "kushindilia" chaji kwa kuvumilia.

Kuna kinachoniudhi zaidi ya hayo masaa 12. Ni swali lenyewe: "Fundi, nichaji muda gani ili betri idumu?" Mtu anaposema muda, ndani yake kuna mambo matatu tofauti, na kila moja linazeesha betri kwa njia yake.

Jambo la kwanza ni mkondo. Muda mfupi ni kivuli cha mkondo mkubwa. Kwenye TP4056 mkondo unaamuliwa na rezista moja ndogo, kile kipande cha kuzuia mkondo: kilo-omu 1.2 inakupa ampea 1, kilo-omu 10 inakupa mA 130. Moduli za chipu hiyo, zile nyekundu au za bluu zinazouzwa kwa bei ya soda huja zimewekwa ampea 1. Fundi mwenzangu akiichukua ilivyo na kuifunga kwenye vepu yenye seli ya mAh 350, ameifanya seli imeze karibu mara tatu ya uwezo wake kwa saa. Inajaa upesi, mteja anasifia, anarudi baada ya muda betri imetuna kama andazi. Hapo betri imeuawa na muda mfupi. Ndugu zangu mafundi, badilisheni ile rezista. Ni kazi ya dakika mbili na pasi ya moto.

La pili ni muda ambao seli inakaa imejaa. Hapa wanaosema "usiache usiku kucha" wana hoja, ila wanaitetea vibaya. Betri haiendelei kuchajiwa usiku kucha. Tatizo ni kwamba inakaa kwenye volti 4.2, na kwenye volti hiyo elektroliti (kimiminika cha ndani) na kathodi (ncha chanya) zinasumbuana kuliko zikiwa kwenye 3.8. Ukiishusha volti ya mwisho hadi 4.1 unapoteza kama sehemu ya kumi ya chaji, lakini seli inakulipa kwa mizunguko mingi zaidi ya kujaza na kumwaga. Na hiyo 4.2 yenyewe msiiamini sana. Watengenezaji wa chipu wanaahidi usahihi wa asilimia 1.5, maana yake vepu yako inaweza kuishia 4.14 na ya rafiki yako 4.26, mkazichaji kwa saa zilezile, ya kwake ikafa mapema, mkakaa kijiweni kubishana nani alichomoa saa ngapi. Pimeni volti! Mita ya bei ya chini kabisa itakujibu kuliko saa ya ukutani.

La tatu ni umetokea wapi: kuchaji kutoka nusu si sawa na kuchaji kutoka sifuri. Kwa lithiamu-ayoni, kujaza nusu mara mbili hakufiki madhara ya mzunguko mmoja kamili wa kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo wale wanaochomeka kidogokidogo mchana kutwa, ambao ndio wanaogombezwa na kila mtu, ndio wanaoitunza.

Nilijaribu kulipima suala hili la usiku kucha mezani. Seli za namna moja, nusu zinachomolewa taa ikigeuka, nusu zinaachwa mpaka asubuhi, halafu zote zinamwagwa chaji kwenye mashine ile ya LiitoKala Lii-500 nisome uwezo wake. Vitabu vitakuambia jaribio ni hilo tu. Havikuambii kwamba seli zilizonunuliwa duka moja siku moja si lazima ziwe za bechi moja, na tofauti ya seli na seli ikawa kubwa kuliko tofauti ya kundi na kundi. Havikuambii kwamba mlango mmoja wa mashine unasoma juu kidogo ya mwingine, kwa hiyo ni lazima uzihamishehamishe. Na havikuambii kwamba seli zinazoachwa usiku zinazeeka pia kwa sababu siku zinapita, si kwa sababu ya chaji peke yake. Ukitenganisha hayo mawili vizuri kwenye meza ya fundi nitakuvulia kofia. Nilichokiona ni hiki: zilizoachwa zilikuwa nyuma, lakini nyuma kidogo kiasi kwamba nisingeapa mahakamani.

Kilichojitokeza bila shaka hakikuwa kwenye mAh kabisa. Kilikuwa kwenye ukinzani wa ndani, yaani jinsi seli yenyewe inavyouzuia mkondo usitoke, na hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo vepu inapoachana na simu.

Simu inavuta mkondo mdogo kwa muda mrefu. Vepu inavuta mkondo mkubwa kwa sekunde tatu au nne, inapumzika, inavuta tena. Koili ya omu 1.5 kwenye volti 3.7 inadai karibu ampea 2.5. Seli mpya yenye ukinzani wa omu 0.1 itapoteza volti 0.25 wakati wa pafu, na mvutaji hatajua. Seli iliyochoka ikifika omu 0.25 itapoteza volti 0.6 na zaidi: ilikuwa inaonyesha 3.7, umebonyeza, imeanguka hadi 3.1. Bodi iliyopangwa kukata kwenye 3.2 au 3.3 inaona betri imekwisha, inawasha taa ya kumeta, inazima. Mteja anakuja: "Fundi, nimeichaji usiku mzima, haikai na chaji." Naitoa seli, naimwaga taratibu kwa ampea 0.5, naona chaji nyingi tu imo ndani. Chaji ipo, isipokuwa haiwezi kutoka kwa kasi inayodaiwa. Hata uichaji masaa 40, ukinzani haurudi chini.

Ndiyo maana majaribio mengi ya video, mtu anachaji, anamwaga kwa mkondo mdogo, anatangaza mshindi, siyaamini kwa vepu. Ukitaka kupima kama mvutaji, mwaga kwa mapigo: sekunde chache kwa ampea 2 au zaidi, nusu dakika pumzika, na uandike volti ya chini kabisa ndani ya kila pigo. Ile volti ya chini ndiyo maisha ya betri yako.

Na ukinzani huo unapandishwa na nini? Joto, kwanza. Mimi niko Dar es Salaam. Februari hapa hata kivulini betri haipati nafuu, sembuse kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Kariakoo. Mafundi tuna kanuni ya mkato kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, mambo ya kikemia yanaenda karibu mara mbili ya kasi. Ni kanuni ya mkato tu, haifuatwi kwa usawa na kila seli, lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Betri iliyojaa na iliyo kwenye joto ni mbaya kuliko iliyojaa tu au iliyo kwenye joto tu. Wengi wanachaji chini ya mto, kwa hiyo wanayapata yote mawili wakiwa usingizini. Ukiuliza, "naogopa umeme utakatika." Sawa, mgao naujua. Chaji, ila weka mezani, si kitandani. Na hilo la kitandani silisemi kwa ajili ya betri peke yake.

Pili, kuimaliza kabisa. Wapo wanaovuta mpaka izime, wakaiweka kabatini mwezi mzima, kwa kuogopa ile "kumbukumbu" ya nikeli, ile tabia ya betri za zamani kupungua uwezo zisipomalizwa kabla ya kuchajiwa. Seli iliyozimika inaendelea kushuka polepole yenyewe, na ikishuka chini ya volti 1.5 hivi na kukaa huko, shaba ya ndani inaweza kuanza kuyeyuka kwenye elektroliti. Ukija kuichaji, shaba inarudi kuganda mahali pasipo pake, na hapo unatengeneza shoti ndani ya seli. TP4056 ikikuta seli chini ya volti 2.9 inaanza kwa mkondo mdogo wa tahadhari, lakini haina macho ya kuona shaba. Ukiniletea seli iliyosoma 1.1 sitaifufua, hata ukiongeza hela. Wanaofufua kwa kuigusisha na betri nyingine nyaya kwa nyaya, tafadhali fanyeni hivyo mbali na duka langu.

Jambo moja la upande, kwa kuwa limekuwa likijaza meza yangu: vepu zenye tundu la USB-C ambazo "zimekufa, hazichaji kabisa". Nyingi ni nzima. Mtengenezaji amebana matumizi, hakuweka zile rezista mbili za kilo-omu 5.1 zinazoijulisha chaja kwamba kuna kifaa, kwa hiyo chaja yenye tundu la C kwa kebo ya C kwa C haiitambui na haitoi umeme. Chukua kebo ya kizamani, A kwenda C, chomeka kwenye chaja ya kawaida, itawaka. Nikikutengenezea hivyo mbele yako, usinune nikikutoza ya kuangalia.