Mgodi wa wazi: usitazame shimo, tazama kifusi

Mtu wa Tanga hana haja ya kwenda Shinyanga ili ajue mgodi wa wazi wa almasi ni kitu gani. Machimbo ya mawe ya chokaa upande wa Pongwe na Maweni, yanayolisha viwanda vya saruji, ni ndugu yake: badala ya kutoboa njia chini kwa chini, ardhi hufunuliwa kutoka juu na kuchimbwa ngazi kwa ngazi.

Tofauti iko kwenye kina. Chokaa imetandazwa kama mkeka. Almasi hukaa ndani ya mwamba uitwao kimbaliti, uliopandishwa na milipuko ya volkano za kale ukasimama ardhini mithili ya karoti. Ukiufuata chini, kuta zitaporomoka usipozilaza, kwa hiyo kadiri shimo linavyozama ndivyo mdomo wake unavyopanuka na kumeza mashamba. Kimbaliti ya Mwadui, kwenye mgodi wa almasi huko Shinyanga, aliyoigundua mwanajiolojia wa Kanada John Williamson mwaka 1940, ina eneo la hekta 146 hivi.

Sasa kifusi. Kule Kimberley, Afrika Kusini, kati ya 1871 na 1914, watu walichimba kwa sururu na makoleo tani milioni 22.5 za udongo na mawe wakapata kilo 2,720 za almasi. Piga hesabu: tani moja na nusu na ushei kwa karati moja, nayo karati ni gramu 0.2 tu. Yote yaliyobaki lazima yalazwe mahali.

Wengi hudhani sumu ndiyo balaa kuu, pengine kwa kuichanganya almasi na dhahabu. Mitambo ya almasi haihitaji zebaki wala sianidi. Mwamba husagwa, kisha mawe hutengwa kwa uzito wake na kwa mionzi ya eksirei. Kinachosumbua ni tope laini linalobaki mawe yakishaoshwa, lisilotuama upesi, ambalo hufungiwa kwenye bwawa la udongo. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la Mwadui zilipasuka, tope likafunika mashamba na kuingia kwenye nyumba za vijiji jirani.

Tena yapo maji. Shimo likipita usawa wa maji ya ardhini, pampu hazizimwi, na visima vya karibu vinaweza kushuka. Vumbi nalo, waulize wanaoanika nguo karibu na machimbo yoyote.

Je, shimo hufukiwa? Hapo Bamburi, Mombasa, machimbo ya chokaa yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 na leo ni msitu wenye wanyama. Lakini yale yalikuwa ya kina kifupi, mizizi ikafika ilipotaka. Shimo la Kimberley halijafukiwa mpaka leo. Chini mna ziwa, na watalii hulipa kuingia kulichungulia.