Jina la biashara halilindi nembo ya podikasti
Wengi huamini kwamba ukishasajili jina la biashara, nembo ya podikasti yako ya elimu nayo imelindwa. Sivyo. Nembo hulindwa kama alama ya biashara, ambayo huombwa kivyake, kwa kawaida nchi kwa nchi, kwa madaraja ya Uainishaji wa Nice, yaani mpangilio wa kimataifa wa makundi ya bidhaa na huduma: la 41 kwa huduma za elimu, la 9 kwa vipindi vya kupakuliwa. Ukiuza na fulana, ongeza la 25.

Maombi mengi hukwama kwenye nembo yenyewe. Kipaza sauti juu ya maneno “Jifunze Hisabati” kinaeleza huduma tu, hakimtambulishi mtoaji, kwa hiyo mkaguzi huweza kukikataa. Afadhali neno la kubuni. Kabla ya kulipa ada, ambayo kwa kawaida hairudishwi, pekua daftari la alama za biashara zilizosajiliwa au kuombwa, hata zile zinazofanana kwa matamshi. Mchoraji naye akuhamishie hakimiliki kwa maandishi. Kumlipa pekee mara nyingi hakutoshi. Ishara ya ®, inayoonyesha kuwa alama imesajiliwa, isubiri cheti cha usajili.