BCG: Kwa nini mtoto wa zahanati ya mbali husubiri

Chanjo ya BCG ya kukinga kifua kikuu, ile inayoacha kovu, hutolewa mtoto anapozaliwa. Ndiyo maana kuipata hutegemea sana mahali mama alipojifungulia. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Ni hatua kubwa, lakini ni wastani tu. Kwa miaka mingi Dar es Salaam na Kilimanjaro zimekuwa mbele, huku Tabora, Katavi na Simiyu zikifuata kwa mbali. Nchini Kenya pengo la namna hiyo liko kati ya kaunti za katikati ya nchi na zile za Garissa, Wajir na Mandera, ambako jamii huhama na mifugo na kituo kiko mwendo wa siku.

Kuchelewa kuna hatari. BCG haizuii vizuri kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima. Aina hizo mbili hushambulia zaidi watoto wachanga na huua au kuacha ulemavu. Mtoto aliyechanjwa akiwa na miezi minane huhesabiwa kwenye takwimu za mwaka kuwa amechanjwa, lakini amepita miezi minane ya hatari bila kinga.

Wengi hulaumu umbali, na kweli umbali upo. Lakini wapo watoto wengi wanaofikishwa kituoni ndani ya wiki ya kwanza na bado wanarudishwa nyumbani. Sababu ni kichupa. BCG huja ikiwa unga, dozi 20 kwa kichupa kimoja, na ikishachanganywa na maji yake maalumu haina kihifadhi. Kinachobaki lazima kitupwe saa 6 zikipita tangu kuchanganywa au kipindi cha chanjo kinapoisha, kutegemea kipi kinatangulia. Haiwezekani kukiweka kwenye jokofu hadi kesho kama inavyofanyika kwa baadhi ya chanjo nyingine. Basi mtoa huduma anayeogopa kuulizwa kuhusu upotevu husubiri watoto wakusanyike: “Njoo Alhamisi.” Alhamisi mvua inanyesha, mama hana nauli, na mtoto anaonekana tena wiki ya 6 akija kwa dozi ya kwanza ya Penta, chanjo ya kukinga magonjwa matano, au haonekani kabisa.

Chukua zahanati yenye vizazi 12 kwa mwezi. Ikifungua kichupa kimoja kila wiki, itatumia vichupa 4, yaani dozi 80, kuchanja watoto 12. Upotevu ni asilimia 85. Ikisubiri watoto 15 ndipo ifungue, wa kwanza atasubiri zaidi ya mwezi. Katika hospitali ya mkoa watoto 15 hupatikana kwa siku moja, na upotevu ni mdogo bila mtu kujitahidi. Kwa hiyo kupima zahanati ya kisiwani Ukerewe kwa kiwango kilekile cha upotevu cha hospitali ya mjini ni kuiadhibu kwa udogo wake. Msimamo wetu ni wazi: fungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. BCG ni miongoni mwa chanjo za bei nafuu kabisa, na hakuna hesabu ya upotevu inayolingana na kifua kikuu cha utando wa ubongo kwa mtoto mchanga.

Uamuzi huo lazima uanzie kwenye oda, la sivyo chanjo itaisha katikati ya mwezi. Halmashauri yenye vizazi hai 7,000 kwa mwaka ina takriban 583 kwa mwezi. Ukikadiria upotevu wa asilimia 50, zidisha kwa 2: dozi 1,167, ambazo ni vichupa 59. Ongeza akiba ya asilimia 25 na unafikia vichupa 73. Anayeagiza kwa kukadiria upotevu wa asilimia 10 hupata vichupa 33, na ndiye anayesikika akisema bohari imemnyima. Agiza maji ya kuchanganyia kwa idadi sawa na vichupa, kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, na yapoozwe hadi nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuchanganya. Wakati mwingine upungufu huanzia juu kabisa, kama ilivyotokea Kenya katikati ya 2025 pale BCG na matone ya polio yalipoadimika. Hapo orodhesha kila mtoto aliyekosa na kitongoji chake, ili shehena ikifika aitwe kwa jina.

Takwimu za wilaya nazo zisomwe kwa uangalifu. Wilaya yenye hospitali kubwa huweza kuonyesha kuwa imewapa BCG asilimia 120 ya watoto wake, kwa sababu akina mama wa wilaya jirani wamejifungulia pale, huku ile jirani ikionyesha 70 bila kuwa na uzembe. Linganisha BCG na Penta ya kwanza. Zote mbili zikiwa chini, watu hawafikiwi: peleka huduma ya mkoba, yaani wahudumu wawafuate watu walipo, kwenye minada ya mifugo na kambi za dagaa. BCG ikiwa chini na Penta juu, watoto wanafika lakini kichupa hakifunguliwi au hakipo. BCG ikiwa juu sana kuliko Penta, huenda wamezaliwa hapo na kurudi kwao.

Sindano yenyewe inahitaji mkono uliozoea: mililita 0.05 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ndani ya ngozi, si chini yake. Tanzania huchomwa bega la kulia; Kenya, kigasha cha mkono wa kushoto. Ikiingia sawasawa, hutokea kiuvimbe cheupe papo hapo. Ikizama chini ya ngozi, jipu linaweza kutokea. Baada ya wiki 2 hadi 4 huja kipele, kisha kidonda kidogo kinachopona chenyewe ndani ya miezi michache. Kisipakwe dawa wala kufungwa. Kovu lisipotokea, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kurudia chanjo.

Wako wanaopaswa kusubiri kwa sababu halali. Mtoto ambaye mama yake ana kifua kikuu cha kuambukiza hupewa kwanza dawa ya kinga kama isoniazidi, ambayo huua pia vimelea hai vya BCG. Chanjo hufuata akimaliza. Mtoto aliyethibitishwa kuwa na VVU husubiri hadi awe kwenye ARV na hali yake iimarike. Lakini mtoto wa mama mwenye VVU ambaye bado hajapimwa na hana dalili, achanjwe.

Mzazi, kabla ya kutoka wodini angalia kadi ya kliniki: tarehe ya BCG iwe imeandikwa. Uliyejifungulia nyumbani, mpeleke mtoto ndani ya siku hizohizo za kwanza, na ukiambiwa urudi siku nyingine, omba uandikiwe tarehe kwenye kadi na uache namba ya simu.