Garum haikuwa samaki aliyeoza

Nimekutana tena na lile dai kuhusu garum, mchuzi wa samaki na chumvi wa Warumi wa kale, safari hii kwenye makala inayosambazwa sana: eti Warumi walimwagia kila chakula maji ya samaki aliyeoza, ili kuficha nyama iliyoharibika. Hapana, jamani. Anayeandika hivi hajajiuliza chumvi ilikuwa na kazi gani mle.

Utumbo wa samaki una vimeng'enya, kemikali za kusaga chakula, vinavyoendelea kuyeyusha nyama hata samaki akishakufa. Chumvi ikitosha, bakteria wa kuozesha hawafui dafu, ila vimeng'enya vinaendelea na kazi, na joto la jua linavichapuza. Baada ya miezi unapata maji ya rangi ya kahawia yenye ladha nzito. Ukiwatoa samaki matumbo, kazi hiyo inadorora. Utaishia na kitu cha jamii ya ng'onda.

Kanuni iliyo wazi zaidi imo katika Geoponica, mkusanyiko wa Kigiriki wa kilimo wa karne ya 10 uliobeba maandishi ya kale zaidi. Kwa mtindo wa Bithinia, eneo lililo katika Uturuki ya leo, chukua samaki wadogo modio 1, yaani kama lita 8.7, na chumvi sekstario 2, kama lita 1. Changanya, laza usiku mmoja, tia katika chombo cha udongo, acha wazi juani miezi 2 au 3 huku ukikoroga kwa kijiti mara kwa mara. Kisha funika na uhifadhi. Wengine waliongeza divai kuukuu.

Huko kukoroga ndiko watu hukupuuza. Samaki huelea, mgongo ukitokeza juu ya maji ya chumvi, nzi hutaga hapo, na sehemu hiyo inaoza kwelikweli. Kijiti kinawazamisha na kuinua chumvi iliyotuama chini.

Kipimo chenyewe kinanitia shaka, na vitabu vingi hukinukuu bila kuuliza. Sehemu 1 ya chumvi kwa 8 za samaki, kwa ujazo, ni kidogo mno. Watengenezaji wa nuoc mam, mchuzi wa samaki wa Vietnam, hutia takriban sehemu 1 kwa 3, kwa uzito. Huenda wanakili walikosea, huenda chumvi ilipimwa kwa kilele. Nisingemshauri mtu aifuate ilivyo.

Tena kulikuwa na garum ya damu: utumbo wa jodari pamoja na matamvua, majimaji na damu yake, chumvi ya kutosha, miezi isiyozidi 2, halafu chombo kinatobolewa ili maji yatoke. Wataalamu wanabishana kama hii ndiyo garum hasa na ile ya samaki wazima iitwe liquamen. Naelekea kukubali, ingawa waandishi wa kale wenyewe hawakushika majina hayo kwa utaratibu mmoja.

Sasa mashahidi wa "uozo". Huletwa Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyekuwa akikemea anasa za matajiri; katika hoja kama ile, kila kitu cha bei kali kingeitwa sumu. Huletwa pia Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliyeiita garum majimaji ya vitu vinavyooza. Msikomee hapo, someni mistari inayofuata! Anasema garum bora ya vibua wa Cartagena, huko Hispania, iliuzwa kama sesterti 1,000 kwa kongio 2, yaani lita 6 na nusu hivi. Askari wa legioni, yaani jeshi la Kirumi, wakati huo alilipwa sesterti 900 kwa mwaka mzima. Nani atoe fedha hizo kununua uozo? Naye Aulus Umbricius Scaurus wa Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia, tajiri wa biashara hii, alitia picha za chupa zake kwenye sakafu ya mozaiki nyumbani kwake, mgeni azione.

Nyama iliyoharibika hata sina haja ya kuijadili: maji haya yalitiwa kwenye mboga, mayai na dengu, mahali pa chumvi.

Masikini walipata machicha yake, allec, yaliyobaki baada ya kuchuja. Cato, mwanasiasa wa Kirumi, katika kitabu chake cha kilimo, anaagiza watumwa wa shambani wapewe allec na siki pale zeituni zinapowaishia.