Dari ni zulia la namna gani?

Dari, lile la sakafuni na si ile ya juu ya chumba, ni zulia bapa la Kihindi linalofumwa kwa mkono, aghalabu kwa pamba tupu. Linatofautiana na zulia la Kashmir au la Kiajemi kwa jambo moja kubwa: halina manyoya. Hakuna mafundo wala nyuzi zilizokatwa zikasimama. Kuna mtande na mshindio, basi. Sifa zake karibu zote, na kasoro zake pia, zinatokana na hilo.

Nyuzi za mtande hutandwa kwa urefu na kukazwa sana. Mshindio hupita kwa upana, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, kisha hushindiliwa mpaka uufunike mtande wote. Ndiyo maana rangi zote unazoziona ni za mshindio, na mtande unajitokeza kwenye matamvua tu. Chombo cha kushindilia ni panja, chanuo zito la chuma lenye meno yaliyopinda kama makucha. Kwa ajili yake, kazi za kijiji cha Salawas, karibu na mji wa Jodhpur nchini India, huitwa panja dari.

Ufundi unapimwa pembeni. Mshindio ukivutwa ukanyooka kabla ya kushindiliwa, hauna urefu wa kutosha kuzunguka kila uzi wa mtande, kwa hiyo unavuta pindo za pande mbili kwa ndani na zulia linaota kiuno. Mfumaji mzuri huulaza kwa upinde, kisha panja huushusha kidogo kidogo. Upinde ukizidi, zulia linafanya mawimbi na halilali chini hata ulifanyeje.

Rangi mbili zinapokutana kwenye mstari wa wima, kuna mtihani mwingine. Kila mshindio ukirudi kwenye uzi wake wa mtande, katikati hubaki ufa. Ufa mfupi si kitu. Ule mrefu hunasa vidole vya miguu na miguu ya viti. Dawa yake ni kuzungusha rangi zote mbili kwenye uzi mmoja wa mtande, au kuuhamisha mpaka wa rangi hizo hatua kwa hatua. Hapo ndipo zinapotoka zile pembetatu, almasi na ngazi. Michirizi ya upana ndiyo rahisi kuliko yote.

Dari hufumwa sehemu nyingi za India: Panipat, Mirzapur, Warangal, Navalgund. Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza, wafungwa pia walifumishwa, na dari za gereza la Bikaner bado zinatafutwa na wakusanyaji. Matumizi ya nyumbani yalikuwa ya kawaida kabisa: kutandikwa chini wageni waketi, au juu ya kitanda cha kamba chini ya godoro.

Kwa nchi ya joto zulia hili lina maana. Halishiki vumbi kama lenye manyoya, halipashi miguu moto, mlango unapita juu yake, na pande zake mbili ni sawa, kwa hiyo geuza kila baada ya miezi michache lichakae kwa usawa. Nondo wa nguo hufuata sufu, si pamba safi. Ila usitarajie ulaini wa kuzamisha mguu. Kwenye vigae huteleza, hivyo weka chini yake mkeka wa mpira uliokatwa mdogo kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Jikoni silishauri: pamba hunywa mafuta, na doa hubaki.

Unaponunua, geuza kwanza. Nyuma ikiwa imepauka kuliko mbele, hilo limepigwa chapa, halikufumwa kwa rangi. Matamvua yawe ndiyo mtande wenyewe unaoendelea. Yakiwa yameshonewa, shuku mashine. Kisha sugua kila rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Nyekundu na buluu iliyokoza ndizo zinazochuja zaidi.

Kabla ya kufua, likung'ute nje, kwa kuwa mchanga uliojificha ndani husaga nyuzi kila mtu anapokanyaga. Tumia maji baridi na sabuni isiyo kali. Maji ya moto huifanya pamba irudi sentimita kadhaa, na kwa kuwa mtande na mshindio havirudi sawa, zulia linapinda. Usilikamue wala kulitundika kwenye kamba moja likiwa zito kwa maji, litavutika. Lianike bapa kivulini, ukiligeuza. Liwe kavu kabisa ndipo uliviringishe na kulifunga kwa shuka la pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, na kuvu hufuata. Uzi ukichomoza usiukate. Urudishe ndani kwa sindano butu.